Kutoka Pangani Hadi Sakafu ya Bahari

Mwanzoni mwa mwaka 1887 msafara wa mamia ya watu ulitoka Pangani kuingia bara. Wenye mali walikuwa wageni wawili kutoka milki ya Austria na Hungaria: Sámuel Teleki, mkabaila mpenda uwindaji, na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini aliyepewa kazi ya kuchora ramani. Mwenye njia alikuwa mwingine. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, alikuwa ameshaijua Umasaini kwa miguu yake, na miaka minne kabla ya hapo aliandamana na Mskoti Joseph Thomson katika nchi hiyo hiyo. Visima, vivuko, wenyeji wa kulipwa hongo na mahali pa kununua nafaka, yote hayo alikuwa nayo kichwani.

Machi 1888, baada ya njaa na kiu kuua baadhi ya wapagazi, waliobaki waliliona mbele yao ziwa kubwa katikati ya jangwa la mawe meusi. Wasamburu waliliita Basso Narok. Wageni wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likakaa kwenye ramani hadi Kenya ilipolibadilisha kuwa Turkana mwaka 1975. Kusini mwa ziwa walikuta volkano ikiwaka. Von Höhnel alipima miinuko, akachora kingo, akaokota mawe, na mawe hayo yakarudi pwani vichwani mwa watu ambao vitabu vya sayansi havikuandika majina yao.

Ramani na mawe yalifika Vienna, mikononi mwa Eduard Suess. Suess alikuwa profesa wa jiolojia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini alikuwa na kipaji cha kuunganisha taarifa za watu waliotawanyika. Ndiye aliyelipa jina la Gondwana lile bara la kale lililokusanya Afrika, India na jirani zao. Akaziweka mezani habari za Teleki, za Thomson, na za wasafiri wa Ethiopia na Palestina, akaona jambo ambalo hakuna msafiri mmoja angeliona peke yake. Mabonde waliyoyapita wasafiri hao hayakuchimbwa na mito. Mito iliingia ndani yake ikaishia humo, kwenye maziwa ya magadi yasiyo na mlango wa kutokea. Kuta zilikuwa zimenyooka, zikitazamana, na zilifuatana kutoka Nyasa kupita Baringo na Turkana, zikavuka Ethiopia hadi Bahari ya Shamu, kisha Bahari ya Chumvi na Mto Yordani. Mwaka 1891 akaandika kwamba huo ni mfululizo mmoja wa nyufa, na kwamba ardhi ilipasuka kwa sababu ilivutwa.

Ilivutwa na nini? Hapo hakuwa na jibu zuri. Katika zama zake wataalamu wengi waliamini kwamba dunia inapoa na kusinyaa kama tunda linalokauka, na milima ni makunyanzi ya ganda lake. Dunia inayosinyaa hubana. Ni vigumu kueleza jinsi gani ingevuta na kupasua nchi nzima.

Mwaka 1893 akaja mtu aliyetaka kuliona jambo hilo kwa macho yake. John Walter Gregory alikuwa kijana wa miaka 29, mfanyakazi wa jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Safari kubwa aliyoajiriwa ilivunjika kabla haijafika popote. Badala ya kurudi nyumbani, aliajiri wapagazi wapatao 40, akatoka nao Mombasa. Kwa miezi mitano walitembea hadi Baringo na kurudi, na njiani akapanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu yake.

Kazi yake kwenye kuta za bonde ndiyo iliyomfanya akumbukwe. Alizisoma tabaka za mawe upande mmoja na upande wa pili, akakuta kwamba tabaka zilizokuwa juu ya ukingo ndizo zile zile zilizolala kwenye sakafu ya bonde, mamia ya mita chini zaidi. Maana yake kipande kirefu cha nchi kilikuwa kimezama baina ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba, huku pande zote mbili zikibaki zimesimama. Ni kama tao la mlango wa nyumba ya mawe: nguzo zikisogezwa kando kidogo, jiwe la katikati hushuka. Gregory ndiye aliyelitia bonde hilo jina la Kiingereza ambalo sisi tumelifanya Bonde la Ufa. Kwangu tafsiri yetu imeipita ile ya asili, kwa sababu neno ufa analijua kila mtu aliyewahi kujenga nyumba, na kila mtu anajua kwamba nyumba yenye ufa ni nyumba ambayo msingi wake umesogea.

Baada ya Gregory, mtu angetarajia mambo yatulie. Hayakutulia kwa miaka mingi. Mwaka 1921 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alilitazama Ziwa Albert na milima ya Ruwenzori akasema kinyume kabisa. Ruwenzori ina kilele cha mita 5,109 na si volkano. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa zima zima. Je, kuvuta kunaweza kuinua mlima? Kwa Wayland, ardhi ilikuwa imebanwa kutoka pande mbili, kingo zikapanda juu na kulikandamiza bonde chini yake. Mwaka 1929 akafika Mmarekani Bailey Willis, mwanajiolojia wa heshima kubwa, naye akakubaliana na hoja ya kubanwa.

Ushahidi dhidi yao ulikuwa bado mbichi. Januari 6, 1928, tetemeko kubwa lilipiga Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Ardhi ilipasuka kwa makumi ya kilomita chini ya ukingo wa Laikipia, na mahali pengine upande wa bonde ulishuka kwa zaidi ya mita mbili. Bonde lilikuwa limejionyesha wazi linavyoshuka. Lakini mtu aliyekwisha shika nadharia anaweza kulitazama jambo hilo hilo akaliona jingine.

Mwishoni mwa mwaka 1933 Edward Bullard, kijana wa Cambridge, alileta pendulamu Afrika Mashariki ili kupima uzito wa nchi yenyewe. Pendulamu huyumba haraka kidogo mahali ambapo dunia inavuta kwa nguvu, na polepole kidogo pale ambapo chini yake pana miamba myepesi. Alizunguka na vyombo vyake kutoka kituo hadi kituo, akagundua kwamba ndani ya mabonde mvuto umepungua. Kipimo kilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyokwenda kombo: alisema miamba myepesi ya bonde ingependa kupanda juu, na kama haipandi basi imebanwa na kingo. Leo tunajua kwamba chini ya bonde kuna miamba yenye joto jingi, na joto hulifanya jiwe kuwa jepesi. Juu yake kuna maelfu ya mita za udongo na majivu. Ninaikumbuka hadithi ya Bullard kila ninapoona mtu anatoa namba kisha anadhani namba hiyo imekwisha kusema yote.

Wakati huo kulikuwa na mtu aliyekwisha kutoa jibu, ila wakubwa wa sayansi walikuwa wamemkataa. Januari 1912, mjini Frankfurt, Mjerumani Alfred Wegener alisema kwamba mabara yanatembea. Afrika na Amerika Kusini ziliwahi kuwa nchi moja, zikaachana. Katika hoja yake Bonde la Ufa lilikuwa mfano wa mwanzo wa safari kama hiyo, bara linaloanza kugawanyika. Walimuuliza ni nguvu gani inayosukuma mabara, naye hakuweza kuitaja. Alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930.

Nguvu hiyo aliitaja Arthur Holmes, na yeye pia alikuwa na deni kwa upande huu wa dunia. Mwaka 1911, akiwa kijana asiye na fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Hakupata madini ya maana. Alipata malaria kali kiasi kwamba taarifa ya kifo chake ilitumwa Uingereza. Alipona, akarudi, akatumia maisha yake kupima umri wa mawe kwa madini yanayotoa mionzi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwamba joto la mionzi hiyo hufanya miamba iliyo chini ya ganda la dunia izunguke polepole mno, kama uji mzito unaochemka kwenye sufuria: ya moto hupanda, hutandaa pembeni, hupoa na kuzama. Inapotandaa huliburura ganda lililo juu yake, likavutika na kukonda. Chukua donge la unga wa chapati ulivute pande mbili, utaona katikati linavyobonyea kabla ya kukatika. Hiyo ndiyo sura ya bonde.

Ilibaki nadharia ya kitabuni, kwa sababu sehemu kubwa ya ganda la dunia imefunikwa na maji na hakuna aliyejua sakafu ya bahari ikoje. Mtu aliyeifunua hakuruhusiwa hata kupanda meli ya utafiti. Marie Tharp alikuwa mchoraji wa ramani katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Mwenzake Bruce Heezen alikwenda baharini na kuleta vipimo vya mwangwi, yaani sauti inayotumwa chini na kurudi ikieleza kina. Tharp alibaki mezani na kalamu. Mwaka 1952 alichora mikato sita ya Atlantiki ya Kaskazini. Katikati ya bahari kulikuwa na safu ndefu ya milima. Na juu ya safu hiyo, katika kila mkato, aliona kitu ambacho hakikupaswa kuwapo: bonde jembamba lenye kuta mbili.

Heezen alilipuuza kwa maneno ya dharau dhidi ya wanawake. Alijua bonde hilo lina maana gani, kwani kulikubali ni kumkubali Wegener. Tharp hakubishana sana. Kwenye meza ya jirani Howard Foster, kijana kiziwi aliyesomea sanaa, alikuwa akiweka nukta za matetemeko ya ardhi kwenye ramani ya kipimo kile kile. Ramani mbili zilipowekwa moja juu ya nyingine kwenye meza ya mwanga, nukta za matetemeko ziliingia ndani ya bonde la Tharp. Basi wakazifuata nukta hizo. Zilishuka Atlantiki nzima, zikazunguka kusini mwa Afrika, zikapanda Bahari ya Hindi, zikaingia Ghuba ya Aden, kisha zikatoka majini na kupanda nchi kavu. Zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki.

Tharp na Heezen wakachukua mikato ya Bonde la Ufa, yale mapito ambayo Gregory aliyatembea na wapagazi wake, wakailinganisha na mikato ya sakafu ya Atlantiki. Upana, kuta, ngazi za kushukia, matetemeko ya juujuu: vyote vilifanana. Jambo ambalo hakuna jicho lililoliona chini ya maji lilikuwa limesimama juani kati ya Naivasha na Natron. Katika masomo yetu ya jiografia, mada ya mabamba, yaani vipande vya ganda la dunia vinavyosogea, hufundishwa kama bidhaa iliyotoka ng'ambo ikiwa imeshafungwa, na mwanafunzi wa Nakuru huikariri bila kuambiwa kwamba ukuta anaouona kutoka dirishani ndio uliotumika kuitambua sakafu ya bahari. Jambo hilo linaniuma.

Mambo yakaenda kasi. Mwaka 1962 Harry Hess wa Princeton alichapisha hoja kwamba sakafu ya bahari huzaliwa kwenye bonde lile la katikati na kusogea pande zote mbili. Ushahidi ulitoka tena upande wetu. Mwaka huo huo meli ya Kiingereza HMS Owen ilipima usumaku wa sakafu ya Bahari ya Hindi juu ya safu ya Carlsberg, kaskazini mashariki ya pwani yetu. Lava inapopoa, chembe za chuma ndani yake hujipanga kufuata usumaku wa dunia wa siku hiyo na kubaki hivyo. Usumaku wa dunia nao umekuwa ukigeuka, kaskazini ikawa kusini, mara nyingi katika historia. Mwaka 1963 Fred Vine na mwalimu wake Drummond Matthews wakaeleza michirizi iliyoonekana kwenye vipimo hivyo: sakafu ya bahari ni daftari, na kila mchirizi ni lava ya zama fulani iliyosukumwa kando na lava mpya.

Daftari lilihitaji tarehe. Moja ya tarehe hizo ilitoka Oldupai, kwenye korongo lililopewa jina la katani ya porini kwa Kimaasai. Wana wa nchi wanalijua kwa mafuvu ya watu wa kale yaliyochimbwa na akina Leakey. Mwaka 1961 majivu ya volkano yaliyofunika fuvu mashuhuri kati ya hayo yalipimwa umri yakaonekana kuwa na miaka milioni 1.75, na mwaka 1963 lava iliyo chini yake ikapimwa usumaku. Ilielekea kaskazini katika zama ambazo dunia ilidhaniwa kugeuka kusini tupu. Kipindi hicho kifupi kimepewa jina la korongo hilo, Olduvai, na sasa wanasayansi wanaochunguza matope ya bahari yoyote, hata ya Pasifiki, hulitamka.

Bullard naye hakubaki nyuma. Mwaka 1965 alitumia kompyuta kuzifunganisha Afrika na Amerika Kusini kwenye kingo zake za chini ya maji, zikashikana kwa usahihi uliowanyamazisha wengi. Kijana aliyesema bonde limebanwa alikuwa amekuwa mzee anayethibitisha kwamba mabara huachana. Mwaka 1970 Dan McKenzie na wenzake wakaandika hesabu ya mabamba ya Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki, na hoja ya kubanwa ikafa.

Hesabu hiyo, kwa sura tunayoijua leo, ndiyo hii. Bara letu limekaa juu ya mabamba mawili makubwa: la Nubia upande wa magharibi, na la Somalia upande wa mashariki, linalobeba Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Kati yao kuna kibamba kilichobeba Ziwa Viktoria, na bonde limepita pande zake zote mbili. Mkono wa mashariki una volkano nyingi. Ngorongoro ilikuwa mlima mkubwa. Magma iliyokuwa chini yake ilipotoka, paa likaporomoka, likabaki beseni la kilomita za mraba 260. Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya ni watoto wa joto hilo hilo. Ol Doinyo Lengai ni wa pekee duniani: lava yake ina magadi mengi na silika kidogo mno, huwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Mkono wa magharibi una volkano chache, Virunga na Rungwe, lakini umezama zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na sakafu yake iko takriban mita 700 chini ya usawa wa bahari. Na chini ya maji hayo kuna kilomita kadhaa za matope yaliyojazwa na mito kabla ya kufikia mwamba.

Kaskazini, huko Afar, mikono mitatu hukutana: Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden na bonde letu. Miwili imeshaingiwa na bahari. Bamba la Arabuni, pamoja na Yemen na sehemu kubwa ya Oman, liling'oka Afrika hapo, na linavyosogea kaskazini linaikunja Irani na kuinua milima ya Zagros. Kwa hiyo kubana kupo, ila kuko upande wa pili wa safari. Mkono wa tatu ungali nchi kavu.

Septemba 2005, ndani ya majuma machache, magma ilijipenyeza chini ya Afar kwa urefu wa kilomita 60, na kingo zikaachana mahali pengine kwa mita 8. Ilikuwa haijapata kuonekana nchi kavu ikifunguka hivyo mbele ya vyombo vya kisasa. Julai 2007 ikawa zamu ya Natron: matetemeko yaliyowatoa watu nje ya majengo hata Nairobi, na Septemba 4 Lengai ikalipuka na kumwaga majivu. Satelaiti zilionyesha kwamba hapo pia magma ilikuwa imejipenyeza kwenye ufa kama kabari ya chuma kwenye gogo.

Machi 2018 ilikuwa tofauti. Baada ya mvua kubwa, korongo lilifunguka karibu na Mai Mahiu, likakata barabara ya Narok, na picha zake zikaenea duniani zikiambatana na tangazo kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walisema maji yalikuwa yameyafagia majivu laini ya volkano yaliyofukia mpasuko wa zamani. Mpasuko wenyewe ni kazi ya bonde. Korongo ni kazi ya mvua. Nilisikitika jinsi watu walivyotishwa, kwa maana mwendo wa kweli wa mabamba hautishi hata kidogo.

Umepimwa kwa vyuma vilivyopigiliwa kwenye miamba pande zote mbili, vikifuatiliwa na satelaiti mwaka baada ya mwaka. Ethiopia pande mbili huachana kwa milimita 6 hivi kwa mwaka, na kadiri unavyokwenda kusini ndivyo mwendo unavyopungua. Tangu Jumbe Kimemeta ateremke ukingoni kuelekea Baringo na wageni wake, kuta mbili za bonde hilo hazijasogea mbali hata mita moja.